Mikoba Inayolala kwa Mama Nta

Chumba cha Mama Nta kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta mweupe wa ghala. Jua haliingii moja kwa moja. Linaugonga ukuta kwanza, ndipo linapopita ndani likiwa limepoa, na kuanzia saa nane mchana kila kitu chumbani huonekana kama kimelowekwa kwenye maziwa: meza, msharasi wa kutobolea ngozi, makopo ya rangi, mikono yake mwenyewe. Huo ndio mwanga anaoutaka. Mwanga mkali, anasema, huonyesha mng'aro wa ngozi na kuficha mshono.

Juu ya meza kuna rafu mbili. Humo hulala mikoba ya kike ya bei ya kutisha, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa kitambaa cheupe, kamba imefungwa shingoni. "Hulala" ni neno lake. Asubuhi hafungui mlango kwa kishindo, na jirani yake wa chumba cha pili, fundi suruali mwenye redio, ameshaombwa mara nyingi apunguze sauti.

"Kwani kuna mgonjwa humo ndani?" huuliza fundi suruali.

"Imelala."

"Mikoba, Mama Nta?"

"Imechoka. Na wewe ungebebwa begani mchana kutwa ukiwa umejazwa machupa, ungechoka."

Ana miaka hamsini na minane. Jina la Mama Nta alilipata kiwandani, kwa sababu ya donge la nta alilokuwa akilibeba mfuko wa kifuani na kulipitisha kwenye kila uzi kabla ya kuutia sindanoni. Kiwanda kilitengeneza mabegi ya ngozi ya wanafunzi, na kwa miaka kumi na saba yeye alishona vishikio tu. Hakuwahi kushona mfuko wala kutia zipu. Alishona kwa sindano mbili, moja kila mkono, zikipishana ndani ya tundu moja, hivyo uzi mmoja ukikatika mwingine unabaki umeshika. Mashine zilipokuja walipunguzwa mmoja mmoja, na hatimaye kiwanda chenyewe kikafungwa. Yeye aliondoka na koleo la mbao la kubania ngozi magotini. Analo mpaka leo.

Maoni yake kuhusu mikoba ya kifahari hayapendwi na mtu. Anasema mingi imeshonwa ovyo. Anasema ngozi yake hupakwa plastiki nyembamba ili ionekane laini, na plastiki hiyo ikipasuka hakuna fundi wa kuirudisha. Kingo hazikunjwi wala kushonwa. Hupakwa rangi nzito kama ya ukutani, nayo huanza kubanduka siku ya kwanza mwenyewe anaposhikwa na joto. Anasema begi la mwanafunzi wa darasa la tatu, lililotoka kwenye benchi lao, lingeweza kuuzika mkoba wowote ulio kwenye rafu yake na kuhudhuria matanga. Na anasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mikoba ya bandia aliyowahi kuifumua mara nyingine ilikuwa na mshono mzuri kuliko ya kweli, kwa sababu aliyeishona alikuwa na hofu ya kukamatwa.

Aliwahi kuyasema haya kwenye shughuli ya kifamilia. Wifi yake aliingia na mkoba mpya, kila mtu akausifu. Mama Nta aliupindua, akabonyeza kitako kwa ukucha.

"Hii ni kadibodi iliyovalishwa, wifi."

"Wewe una wivu tu."

"Wivu wa kadibodi? Nikiitaka si naokota?"

Hawakusemeshana mwaka mzima. Kishikio kilipokatika, wifi aliupeleka mkoba kwa fundi wa mtaa wa tatu, makusudi. Fundi yule, kazi ilipomshinda, akauleta kwa Mama Nta. Aliushona, akaukabidhi, hakusema neno. Anasema hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote alizopitia katika kazi hii.

Lakini walioshona hawalaumu. Akiufumua mkoba huwaona. Macho yakiwa nusu yamefumbwa, huvuta uzi taratibu na kusimulia: hapa dada alikuwa ndio kwanza ameanza kazi, mkono mwepesi, hapa ameitwa jina, akageuka, hapa mstari umeanza kulala, ana njaa, hapa ametoka kula, usingizi unamchukua. Huona ukumbi mrefu wenye madirisha juu kabisa, safu za vichwa vilivyoinama, na miguu mingi inayokanyaga kwa pamoja kama watu wanaotembea bila kufika. "Wenzangu wale hawana kosa," anasema. "Wamepewa dakika nne. Ningepewa mimi dakika nne ningeshona hivyohivyo."

Mikoba ilifikaje kwake ni jambo lililokuwa siri kwa miaka minane.

Barabara tatu kutoka hapo kuna duka lenye kioo kirefu, sakafu ya mawe na mlinzi mwenye glavu. Mteja akirudi na mkoba ulioharibika huambiwa utapelekwa kiwandani, ng'ambo, na utarudi baada ya wiki sita. Zamani ilikuwa kweli. Mikoba ilipanda ndege, ikakaa wiki sita, ikarudi, na mingi ikaharibika tena palepale. Meneja wa duka akachoka kuomba radhi. Ndipo mfanyakazi wake mmoja, msichana mwenye sauti ya upole, alipomnong'oneza kwamba mama yake mdogo ni fundi.

Msichana huyo ni mtoto wa marehemu dada yake Mama Nta. Amelelewa naye tangu ana miaka tisa, amelala chini ya meza ile ile, amejifunza kusoma kwa lebo za uzi. Kazi ya dukani ndiyo fahari ya nyumba yao. Gauni lake jeusi la kazi hunyooshwa na Mama Nta kila Jumapili, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa pasi.

Basi ikawa hivi. Mpwa anaandika mkoba kwenye daftari la duka, anautia saini, anaubeba ndani ya mfuko wa sokoni mpaka kwa mama mdogo. Mama Nta anaushona kwa mchana mmoja. Kisha mkoba unapanda rafuni na kulala siku arobaini zilizobaki, maana meneja aligundua kwamba wateja hawauamini mkoba unaorudi kesho yake. Wanaupenda uliotoka mbali. Wakati mwingine wateja husema wanasikia harufu ya ng'ambo kwenye bitana. Ni harufu ya nta, na ya maandazi ya mama anayekaanga ghorofa ya chini.

Sharti lilikuwa moja: ashone kama kiwanda. Uzi wao, nafasi yao, milimita nne kutoka tundu hadi tundu, na gundi kidogo mwishoni. Alilitimiza. Alikuwa na mashine ndogo kwa ajili hiyo, na akiiendesha alikunja uso kama mtu anayemeza dawa.

Kosa lilitokea siku ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika, redio ya jirani imenyamaza, na ukuta wa ghala ulikuwa umegeuka kijivu. Mezani palikuwa na mkoba wa rangi ya damu ya mzee, mali ya daktari mmoja wa meno, kishikio kimoja kimeng'oka. Mama Nta alibana ngozi magotini akisubiri umeme. Mvua ilikuwa ya kunong'ona, isiyo na haraka. Akasinzia, au hakusinzia, hana hakika. Anakumbuka alikuwa kwenye benchi la kiwandani, wenzake kushoto na kulia, na mtu fulani akiimba bila maneno, na mikono ya wote ikifunguka na kufunga kama mabawa. Alipozinduka mvua ilikuwa imekatika. Kishikio kilikuwa kimekwisha. Kilishonwa kwa sindano mbili, kwa uzi wa kitani wenye nta, milimita tatu kwa tatu, kila tundu likiinama upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo.

Alipaswa kukifumua. Alikishika, akakivuta, akakizungusha kwenye ule mwanga. "Kilikuwa kizuri," anasema. "Sikuwahi kumwibia mtu kitu. Siku ile nilijiibia mwenyewe." Alipaka rangi ukingoni, akaufunga mkoba kwenye kitambaa chake, akaulaza.

Miezi minne ikapita. Daktari wa meno alirudi dukani kusafishiwa kitako cha mkoba, na alifika siku ambayo mkaguzi wa makao makuu alikuwapo. Mkaguzi ni mtu wa mwili mdogo, mwenye lenzi shingoni na rula ya chuma mfukoni. Aliuchukua mkoba kwa heshima. Akapima kishikio cha kulia. Akapima cha kushoto. Akapima tena.

"Mheshimiwa, mkoba huu si wetu."

"Si wenu kivipi?" daktari akauliza. "Niliununua hapa. Kiti nilichokalia ni kile pale."

"Mshono huu mashine zetu haziwezi kuushona."

"Ni mbaya?"

Mkaguzi alisita. "Ni tofauti."

Daftari likafunguliwa. Mkoba ulitoka kwa saini ya msichana, ukarudi kwa saini ya msichana. Kabati la matengenezo, ufunguo anao yeye. Mkaguzi hakuinua sauti. Aliandika kwamba yaelekea mkoba halisi ulibadilishwa na bandia mikononi mwa mfanyakazi, na kwamba kesho saa nne asubuhi angeutazama tena mbele ya mwenye mkoba kabla ya kuita polisi, akamwachia meneja mkoba mpaka asubuhi. Meneja alisimama kando, akitazama viatu vyake. Angesema ukweli, wiki sita za miaka minane zingeanguka zote siku moja. Hakusema.

Saa kumi na moja jioni alipanda ngazi za Mama Nta akiwa na mkoba ndani ya mfuko wa sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja mwenyewe. Mwanangu yuko wapi?"

Meneja alimweleza akiwa amesimama. Kisha akasema alichokijia. "Ufumue kabla usiku haujaingia. Ushone kama wao, kwa mashine. Kesho mkaguzi akipima atakuta milimita nne, atadhani alikosea. Yataisha kimyakimya."

"Na mtoto?"

"Atarudi kazini kama kawaida."

"Unaapa?"

"Mama, mimi nataka nini kingine?"

Aliondoka. Mama Nta akakaa. Mwanga ulikuwa bado upo, lakini umeanza kugeuka rangi ya chai. Alikata uzi wa kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akifumua mshono uliokuwa mzima, na mikono yake ilikwenda polepole, kama ya mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala. Alikuwa amefumua upana wa vidole vitatu mpwa wake alipoingia.

Gauni jeusi lilikuwa limekunjamana. Hakuketi.

"Mama mdogo, unafanya nini?"

"Nakuokoa. Nashona vibaya."

"Meneja alikuja hapa?"

"Alikuja. Kasema yataisha."

Msichana aliinama, akashika mkono wenye msharasi. "Fikiria. Mkaguzi ameshapima mara mbili na ameandika. Kesho akikuta mshono wa kiwanda atasema nini? Atasema wa kweli nilikuwa nimeuficha, nimeogopa, nimeurudisha. Nitakuwa mwizi aliyetubu. Hiyo ndiyo tofauti pekee."

Mama Nta aliuweka msharasi chini.

"Yule hakuliwaza hilo?"

"Amewaza la kwake."

Ng'ambo ya ukuta fundi suruali alizima cherehani, ishara kwamba alikuwa akisikiliza.

"Nikienda kusema," akasema Mama Nta, "rafu hizi zitabaki tupu."

"Najua."

"Na wewe wanaweza kukufukuza vilevile, kwa kubeba mikoba mitaani."

"Kufukuzwa ni kufukuzwa. Lakini nisiitwe mwizi. Nitakuwa nimeingia kwenye kile kioo kila siku miaka minane, halafu nitoke kwa neno hilo?"

Mama Nta aliusogeza mkoba karibu na dirisha, akainama juu ya ile sehemu aliyoifumua, akaitazama kwa muda mrefu sana, mpaka ukuta wa ghala ukazimika. Kisha akasema, karibu kwa furaha, "Bado yapo."

Asubuhi saa nne duka lilikuwa limefungwa kwa nusu saa na mlinzi amesimama nje. Daktari wa meno alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mkaguzi alikuwa na daftari. Meneja alipoona nani anaingia nyuma ya msichana, akiwa na koleo la mbao kwapani, alirudi nyuma hatua moja.

"Hamjambo. Mimi ndiye niliyekishona hicho kishikio," Mama Nta akasema. "Naomba kiti na meza. Msinisimamishe, magoti yangu si ya mawe kama sakafu yenu."

"Mama ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Mimi ndiye ng'ambo."

Daktari alicheka kabla hajaelewa. Kisha akaelewa, na akageuza kichwa taratibu kumtazama meneja.

Mama Nta aliuweka mkoba mezani, sehemu iliyofumuliwa juu. Alieleza kwa maneno machache. Ngozi haiponi kama kidonda. Ukiitoboa, tundu linabaki mpaka itakapooza. Yeye alipoondoa uzi wa kiwanda alikuta matundu yao, akayajaza nta na kupaka rangi juu, kisha akatoboa yake kando ya hayo, membamba zaidi. Uzi wake ndio uliokuwa umeyafunika. Alikipumulia kishikio pumzi ya joto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kukisugua kwa kidole gumba. Nta ikalainika. Akaipitisha sindano butu, na donge dogo likatoka, halafu jingine, na matundu ya zamani yakafunguka moja baada ya jingine, kama macho ya watu wanaoamshwa polepole.

"Pima," akasema.

Mkaguzi alishusha lenzi. Akaweka rula. Alipima matundu kumi na moja, kisha akahamia kishikio cha pili ambacho hakikuguswa, akapima kumi na moja mengine.

"Milimita nne," akasema.

"Na hapa kwenye hiki cha pili angalia, tundu la saba limetoka nje ya mstari kidogo. Dada aliitwa."

"Nani aliitwa?"

"Aliyeshona. Hayo ni yangu na yeye."

Mkaguzi aliandika. Baadaye, bila kuinua kichwa, alisema mkoba ni halali, haukubadilishwa, na jina la msichana linaondolewa kwenye taarifa. Alichana ukurasa wa jana, akamkabidhi msichana mwenyewe mkononi. Msichana aliukunja mara nne na kuendelea kuukunja ulipokuwa haukunjiki tena. Mkaguzi akamgeukia meneja na kumwambia ataeleza kwa maandishi habari za mikoba, yote, tangu wa kwanza. Mbebaji alitumwa, aliyetuma yuko hapa. Kuanzia leo hakuna kitakachotoka nje ya duka kwa matengenezo. Mama Nta aliitikia kwa kichwa. Hilo alishalijua tangu jana.

"Kwa hiyo wiki zile sita," akasema daktari, "wakati mimi nawaambia watu mkoba wangu uko safarini?"

"Ulikuwa kwangu, rafu ya juu. Ulilala vizuri."

"Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja aliyewahi kunishukuru kwa kumziba jino vizuri zaidi ya lilivyoumbwa. Na wewe sikujua upo, nikushukuru." Alisogeza kiti. "Niambie kweli, fundi kwa fundi. Mkoba huu ukoje?"

Meneja alikohoa. Mpwa alitazama dari. Kwa miaka minane Mama Nta hakuwahi kuulizwa swali hilo na mwenye mkoba.

"Ngozi ni ya wastani," akasema. "Imepakwa plastiki, na hapa kwenye kona imeshaanza kuchoka. Kitako ni kadibodi. Bizimu ya kufungia ni nzuri, hiyo siwezi kuisema vibaya. Vishikio vilikuwa vya kukatika tangu siku ya kwanza. Bei waliyokutoza ni ya kioo, ya mlinzi na ya kiti."

"Najua," akasema daktari.

Mama Nta alimtazama.

"Nilijua nilipoushika. Mimi kazi yangu ni kuona nyufa. Lakini nilipokuwa nasoma nilipita nje ya duka hili kwa miguu miaka sita, asubuhi na jioni, na sikuwahi kusimama. Nilikuwa naogopa mlinzi. Siku niliyoingia walinipa kiti hiki. Ndicho nilichonunua. Mkoba nilipewa nibebee kumbukumbu."

Katika maoni yake yote, hili Mama Nta hakuwa na mahali pa kulitia. Aliligeuza kama alivyougeuza mkoba wa wifi yake, akatafuta pa kubonyeza kwa ukucha, hakupaona.

"Basi nikufungie," akasema hatimaye. "Siwezi kuacha kishikio wazi hivi. Nishone wa kwao au wangu?"

Mkaguzi alitaka kusema kitu kuhusu utaratibu.

"Wako," akasema daktari. "Na hiki cha pili uniachie kama kilivyo. Na yule dada aliyeitwa abaki."

Mama Nta aliweka koleo magotini, akatoa donge la nta kifuani na kupitisha uzi mara tatu. Sindano mbili zikaanza kupishana. Nje ya kioo kirefu watu walikuwa wakipita na kupunguza mwendo, na kwa kuwa mwanga wa asubuhi ulikuwa upande wao, waliona vivuli tu: mwanamke ameinama, mikono inafunguka na kufunga.

Saa nne na nusu mlinzi aligonga kuuliza kama afungue. Meneja alikuwa ameinamia karatasi, akiandika habari za mkoba wa kwanza. Msichana aliutia ule ukurasa mfukoni, akanyoosha gauni lake kwa viganja, akaenda kusimama mahali pake pa kila siku karibu na mlango.

"Fungua," akamwambia.